Anayelipa Misimu Mibaya

Januari 2025, mjini Ruhpolding huko Ujerumani, ndugu wawili wa baiathloni kutoka Norway, Tarjei na Johannes Thingnes Bø, walitangaza kwamba msimu ukiisha Machi wanatundika bunduki. Tarjei alikuwa na miaka 36, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa sana. Johannes alikuwa na 31. Alikuwa ameshabeba taji la jumla la Kombe la Dunia, lile la pointi za msimu mzima, mara tano, bado anashinda, na Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Italia ilikuwa imebaki mwaka mmoja tu. Wiki chache baada ya tangazo hilo alikwenda kwenye mashindano ya dunia Lenzerheide, Uswisi, akaongeza dhahabu tatu na kufikisha 23 za mashindano hayo, akimwacha nyuma mkongwe wa Norway, Ole Einar Bjørndalen, mwenye 20. Kisha akaondoka kweli. Sababu alizotoa zilikuwa za nyumbani: mke, watoto wawili, na hamu iliyopungua ya kuishi kwenye hoteli nusu ya mwaka.

Kwa msomaji wa Dodoma habari hii ina ugeni wa aina mbili. Kwanza mchezo wenyewe, baiathloni, yaani kuteleza kwa ski na kulenga shabaha kwa bunduki, haupo kwetu na hautakuwepo. Barafu ya hapa ni ile ya kwenye friji la soda. Pili, mwanariadha wa kwetu aliye kwenye ubora wake haachi. Anakimbia mpaka goti ligome, au mpaka meneja aache kupokea simu zake. Nimekuwa nikiufuatilia mchezo huu kwa simu, bando likiruhusu, na majirani wameshanizoea. Lakini kila nikiwatazama vijana wanaojifua alfajiri kandokando ya barabara ya Singida, najiuliza kwa nini wale wenzetu wana uhuru wa kuacha mapema, au kuchelewa kuacha, au kuharibikiwa misimu miwili mfululizo na bado wakarudi, wakati wa kwetu akikosa mbio mbili tu tunamwita "ameisha".

Nimefika mahali pa kuamini kwamba jibu halimo kwenye kipaji, wala kwenye hali ya hewa. Limo kwenye mshahara. Tuulize nani anamlipa mwanariadha katika mwaka ambao hajashinda chochote, na tutaweza kukisia kwa usahihi mkubwa atadumu muda gani.

Tuuangalie mchezo kwanza, maana bila kuuelewa hesabu ya umri haiji. Mshindani anabeba mgongoni bunduki isiyopungua kilo 3.5, anateleza kilomita kadhaa kwa kasi ya mashindano, halafu anaingia uwanja wa shabaha moyo ukimdunda. Zamu nyingine analala kifudifudi, zamu nyingine anasimama. Mbele yake, mita 50, kuna shabaha tano nyeusi. Akiwa amelala, eneo analotakiwa kuligonga lina kipenyo cha milimita 45. Akiwa amesimama, milimita 115. Kila anachokosa anakilipia: katika mbio nyingi anazungushwa duara la adhabu la mita 150, na katika ile mbio ndefu ya mmoja mmoja anaongezewa dakika nzima kwa kila risasi iliyopotea. Ni sawa na kumtaka fundi cherehani atoke mbio mtaa wa Kisasa mpaka Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, na akifika tu atunge uzi kwenye sindano tano huku upepo wetu wa Agosti ukimpiga usoni.

Sekunde thelathini au chini yake za kulenga shabaha ndizo zilizonifanya niupende mchezo huu. Mtu anapokaribia anapunguza mwendo kidogo na kutupia jicho vibendera vya upepo vilivyopangwa uwanjani. Kama upepo umegeuka tangu alipojaribu bunduki kabla ya mbio, anazungusha kidude cha kilengeo hatua moja au mbili. Anaweka mkeka, anafungua kifuniko kinachozuia theluji isiingie kwenye mtutu, anapachika magazini ya risasi tano. Anavuta pumzi, anaitoa, anavuta tena, na katikati ya kuitoa anaisimamisha. Kocha yuko nyuma ya uzio na darubini, anaona risasi ilipotua lakini hawezi kumsaidia kidole. Wanaoujua mchezo hukodolea macho risasi ya tano. Nne zimeshaingia, uwanja umeanza kelele, na aliyelala pale ameshaanza kuwaza jukwaa la medali. Wengi sana wamepoteza dhahabu hapo.

Sasa umri. Miguu na mapafu vina kilele chake, na kwa wengi kilele hicho kiko mwishoni mwa miaka ya ishirini au mwanzoni mwa thelathini. Lakini utulivu wa kidole na kusoma upepo ni mambo ambayo mtu anaendelea kujifunza muda mrefu baada ya hapo. Ndiyo maana Bjørndalen, aliyezaliwa Januari 1974, alichukua dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki Nagano mwaka 1998 katika mbio fupi, na miaka 16 baadaye, Sochi 2014, akachukua tena dhahabu ya mbio hiyo hiyo akiwa na miaka 40. Alishiriki Olimpiki sita. Alipokosa nafasi kwenye timu ya 2018 ndipo alipostaafu, na wakati huo alikuwa na 44. (Nagano hiyo hiyo ndiyo ile ya Mkenya Philip Boit, aliyeshiriki mbio za ski akafika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Kwa wengi wetu huku ndiyo kumbukumbu pekee ya Olimpiki ya theluji, na si mbaya.)

Kwa hiyo mchezo wenyewe unaruhusu maisha marefu. Lakini ukiitazama orodha ya mabingwa utakuta umri wa kuacha umetawanyika ajabu. Magdalena Neuner wa Ujerumani aliacha Machi 2012 akiwa na miaka 25, akiwa na dhahabu 12 za dunia, mbili za Olimpiki, na taji la jumla la Kombe la Dunia la msimu ule ule. Alisema anataka maisha ya kawaida. Laura Dahlmeier, Mjerumani pia, alichukua dhahabu tano katika mashindano ya dunia ya Hochfilzen mwaka 2017, mbili za Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, na Mei 2019 akasema basi. Naye alikuwa na 25. Machi 2020, huko Kontiolahti, Finland, mbele ya majukwaa matupu kwa sababu ya korona, Martin Fourcade wa Ufaransa alishinda mbio yake ya mwisho akiwa na 31. Na siku hiyo hiyo, kwenye uwanja huo huo, Kaisa Mäkäräinen wa Finland naye aliaga mchezo akiwa na 37.

Mäkäräinen ananivutia kuliko wote hao. Alibeba taji la jumla la Kombe la Dunia mara tatu, 2011, 2014 na 2018, na hakuwahi kupata medali ya Olimpiki. Hata moja. Kwa vipimo vyetu, ambapo mwanariadha anajulikana na kuahidiwa kiwanja kwa medali ya siku moja, mama huyu angekuwa ameshindwa. Kwa vipimo vya mchezo wake yeye ni miongoni mwa wakubwa wa kizazi chake, kwa sababu taji la jumla linakusanywa pointi kwa pointi kuanzia Novemba mpaka Machi, nchi baada ya nchi, na haliwezi kubebwa kwa bahati. Kalenda hiyo ni sehemu ya ajira. Mwanariadha anajua Desemba atakuwa wapi na Februari atakuwa wapi, na akichemka Alhamisi, Jumamosi kuna mbio nyingine. Akishuka kiwango hatupwi nje; anateremshwa ngazi ya pili ya mashindano ya kimataifa, anapigana huko, anapanda tena.

Turudi kwa Wajerumani wawili walioacha na 25. Wote wawili, Neuner na Dahlmeier, walikuwa watumishi wa forodha. Nchini Ujerumani idara ya forodha ina timu yake ya ski, jeshi lina nafasi zake kwa wanamichezo, na polisi vivyo hivyo. Kijana anaajiriwa, anapewa mafunzo ya kazi, analipwa mshahara, na kazi yake ya kila siku ni kujifua. Akimaliza mchezo, kiti chake kipo. Italia ni hivyo hivyo, tena zaidi: huko karibu kila jina unalolisikia kwenye baiathloni liko chini ya Carabinieri (polisi wa kijeshi), jeshi, polisi au askari wa fedha, yaani wale wa kodi na forodha. Dorothea Wierer, bingwa wa jumla wa 2019 na 2020, alishindana chini ya askari wa fedha. Ufaransa wengi wako forodhani au jeshini. Mchezo ulianzia kwa askari wa mipakani wanaotembea kwenye theluji na bunduki, na nasaba hiyo haijakatika, ingawa risasi za kivita ziliachwa miaka ya sabini na sasa wanatumia bunduki ndogo.

Sitaki kudai kwamba Neuner aliacha kwa sababu ya mshahara wa forodha. Alikuwa na matangazo ya biashara ya kutosha kumweka vizuri. Ujerumani baiathloni ndiyo mfalme wa michezo ya baridi kwenye televisheni. Ninachosema ni kwamba mtu asiyeogopa kesho anaweza kuamua kwa kichwa kilichotulia. Na uhuru huo huo unafanya kazi upande wa pili, kwa anayetaka kubaki wakati mambo yamemwendea kombo.

Hapo ndipo nataka kukaa na Lisa Vittozzi. Ni Mwitalia, mzaliwa wa 1995, Carabinieri. Msimu wa 2018/19 alimaliza wa pili duniani nyuma ya Wierer. Kisha akapoteza shabaha. Haikuwa ile ya kusimama, ambayo humsumbua kila mtu. Ilikuwa ile ya kulala, ambayo kwa kiwango chake inapaswa kuwa kama kusalimia. Miguu ilikuwepo, mazoezi yalikuwepo, lakini akilala pale mkono ulikataa. Hali hiyo ilimwandama misimu miwili hivi. Ukishindwa hivyo mbele ya kamera, kila kosa linazaa hofu, na hofu inazaa kosa. Angekuwa anaishi kwa pesa za zawadi na mkataba wa kampuni ya vifaa, nadhani ingekuwa mwisho wake. Lakini mshahara uliendelea kuingia, mahali pa kufanyia mazoezi palikuwepo, na alipewa muda wa kulijenga upya zoezi zima kuanzia pumzi ya kwanza. Februari 2024, huko Nové Město, alichukua dhahabu ya dunia ya kilomita 15 kwa kugonga shabaha zote 20. Mwezi uliofuata akabeba taji la jumla la Kombe la Dunia.

Marekani wana hadithi inayothibitisha jambo hilo hilo kutoka upande wa ukame. Huko serikali haiwaajiri wanariadha kwa mtindo wa Ulaya. Walinzi wa taifa, yaani jeshi la akiba, wana nafasi chache, wengine wanahangaika na wafadhili. Lowell Bailey alikuwa ameshaamua kuacha mwaka 2016. Kilichombakiza ni kazi: alipewa nafasi kwenye kituo cha baiathloni kilichokuwa kinaanzishwa Bozeman, Montana, kwa mpango uliomruhusu aendelee kushindana. Februari 2017, akiwa na miaka 35, aligonga 20 kati ya 20 huko Hochfilzen akawa Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa baiathloni. Tofauti kati yake na wa pili ilikuwa sekunde 3.3.

Msomaji makini atanishika hapa: mbona Norway, inayowashinda wote hao, haina mtindo wa kuwaweka wanariadha wake forodhani na jeshini? Ni kweli, na hoja hii inanisumbua. Kina Bø waliishi kwa wadhamini na shirikisho lao. Lakini Norway ni tajiri, ina vilabu vya ski kila bonde, na mtoto wa huko anavaa ski kabla hajajua kusoma. Bima ya mwanariadha wa Norway ni nchi yenyewe. Akiacha bila cheti wala akiba hatalala njaa. Na Norway ina ukatili wake, hausemwi sana. Kila nchi ina idadi maalumu ya washiriki kwenye Kombe la Dunia, na kwenye Olimpiki hawazidi wanne kwa mbio. Mtu anaweza kuwa wa saba kwa ubora nchini Norway, angekuwa nyota akizaliwa kwingine, na akamaliza miaka yake yote kwenye ngazi ya pili bila kuonekana. Wengi wanaacha hivyo, kimya kimya. Mfumo wao unazalisha mabingwa kwa wingi wa mbegu. Sisi hatuna mbegu za kumwaga.

Kuna kundi lingine ambalo kwangu ndilo kipimo kikali kuliko yote, nalo ni kina mama. Marie Dorin Habert wa Ufaransa alijifungua mwaka 2014, na Machi 2015 alikuwa Kontiolahti akichukua dhahabu mbili za dunia. Mfaransa mwenzake, Justine Braisaz-Bouchet, alipata dhahabu ya Olimpiki Beijing 2022, akapata mtoto mwanzoni mwa 2023, na Februari 2024 akawa bingwa wa dunia wa mbio za kuanza pamoja. Darya Domracheva wa Belarus alijifungua Oktoba 2016 na Januari 2017 alikuwa amesharudi kwenye Kombe la Dunia. Wanawake hawa ni wa chuma, sikatai. Lakini chuma peke yake hakilei mtoto mchanga. Kuna mtu aliyewalipa walipokuwa hawashindani, na kuna timu iliyowawekea nafasi.

Nilimuuliza mwalimu mmoja wa riadha hapa mjini kuhusu binti aliyekuwa akiwaburuza wenzake kwenye mashindano ya shule, mita 3,000, miguu myepesi, mbio za kuzaliwa.

"Mwalimu, yule binti yuko wapi siku hizi?"

"Alipata mtoto, kaka. Yupo Sabasaba, anauza mboga."

"Harudi?"

"Arudi wapi? Kwani aliwahi kuwa mahali?"

Swali lake la mwisho lina uchambuzi wote ninaotaka kuufanya. Binti hakuacha kazi, kwa sababu hakuwahi kuwa na kazi. Hakukuwa na likizo ya uzazi ya kuchukua wala kiti cha kukirudia. Mtumishi yeyote wa umma katika nchi hii anajua siku zake 84 za uzazi. Mkimbiaji wa miaka 20 ambaye bado hajapata jina hana siku hata moja.

Na ukweli ni kwamba sisi si wageni wa mfumo wa Wajerumani na Waitaliano. Tunao, tena wa siku nyingi. Filbert Bayi alikuwa mtu wa jeshi. Juma Ikangaa, mzaliwa wa kanda hii ya kati, alikuwa ofisa wa JWTZ alipomaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na kushinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu, kijana wa Singida, ni wa JWTZ. Makao makuu ya JKT yapo Chamwino, umbali mfupi kutoka hapa ninapoandikia, na kambi ya Makutupora kila mtu wa Dodoma anaijua. Tuna Magereza, tuna Polisi, tuna michezo ya majeshi. Mwitaliano akija Dodoma na kuelezwa muundo huu ataona yuko nyumbani.

Mtazame Simbu kwa jicho hilo. Rio 2016 alikuwa wa tano. London 2017 alipata shaba ya dunia akiwa na miaka 25, na nchi nzima ikasema sasa tumempata. Halafu likaja kipindi ambacho mtu asiye na mvumilivu nyuma yake angezama: wa saba katika Olimpiki ya Tokyo, fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, wa 17 katika Olimpiki ya Paris 2024. Wa 17! Nakumbuka maneno ya vijiweni baada ya Paris, na hayakuwa mazuri. Wapo waliotaka apishe wengine. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Septemba 15, 2025, huko Tokyo, aliingia uwanjani akiwa nyuma, akamfukuza Amanal Petros wa Ujerumani mpaka kwenye utepe, wote wakaandikiwa 2:09:48, na picha ya mstari ikasema ni Simbu kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Kutoka shaba mpaka dhahabu ni miaka minane. Tunapenda kusimulia zile sehemu tatu za mia. Mimi nadhani medali ile ilipatikana zaidi katika miaka ambayo hakuna aliyeandika habari zake, na katika miaka hiyo alikuwa na mwajiri. Hakulazimika kukimbia kila mbio ya barabarani yenye zawadi ili kulipa ada za watoto. Wakimbiaji wa marathoni wanaojua mwili wao hukimbia mbili kwa mwaka. Anayeishi kwa bahasha ya mstari wa mwisho atakimbia nne au tano, na akifika miaka 28 misuli inamdai yote aliyoikopa.

Basi tatizo letu liko wapi, kama mfumo tunao? Kwa ninavyoona, sisi tunaajiri ushindi, wenzetu wanaajiri uwezekano. Kule kijana anaingia forodhani au jeshini akiwa na miaka 18 au 19, akiwa na matokeo ya vijana tu na neno la kocha kwamba huyu atafika. Wanajua wengi wao hawatafika, na gharama hiyo wameikubali. Kwetu mara nyingi mlango unafunguka pale kijana anapokuwa ameshaonekana, yaani ameshavuka daraja ambalo wenzake wengi walianguka wakilivuka. Ajira inakuja kama zawadi. Aliyehitaji kusaidiwa zaidi ni yule wa kidato cha nne kule Ikungi au Manyoni ambaye ana miguu na hana viatu.

Kasoro ya pili ni kalenda. Mwajiri mzuri bila mashindano ni sawa na kukaa benchi kwa mshahara. Vijana wa baiathloni wana ngazi tatu za mashindano ya kimataifa, na kila wikiendi ya msimu wanapimwa. Mkimbiaji wetu wa miaka 19 anaweza kumaliza mwaka na mbio tatu zenye vipimo vya kueleweka, nyingine zote ni zile za hisani, fulana nzuri, viongozi wengi kwenye mstari wa kuanzia, na umbali ambao saa yako inaupinga. Sizichukii mbio hizo, Dodoma zimetuletea shamrashamra na zimewafanya watu wazima wakimbie. Hazijengi kazi ya mtu.

Ya tatu ni kutoka. Ulaya mwanariadha anapoacha, ujuzi wake mara nyingi unabaki kwenye mzunguko. Siegfried Mazet aliwafundisha shabaha Wafaransa mpaka 2016, Norway ikamchukua, na wapinzani wa Fourcade wakaanza kulenga kama Fourcade. Sehemu ya kudumu kwa Johannes Bø ni kazi ya Mfaransa huyo. Bjørndalen na mkewe, ambaye ni yule yule Domracheva, walikwenda kuwafundisha Wachina. Wengine wanaingia kwenye uchambuzi wa televisheni, kama Dahlmeier alivyofanya, sambamba na kusomea michezo chuoni na kuwa mwongozaji wa kupanda milima. Milima ndiyo aliyoipenda kuliko dhahabu, na ndiko alikofia, Julai 2025, kwa kuangukiwa na mawe kwenye mlima wa Laila huko Pakistan, akiwa na miaka 31. Wapo walioandika kwamba angebaki kwenye mchezo angekuwa hai. Naona ni maneno ya hovyo. Alikuwa na miaka sita ya maisha aliyoyachagua mwenyewe, jambo ambalo wanariadha wengi hawalipati kabla wala baada ya medali.

Hapa kwetu ujuzi unastaafu pamoja na mtu. Ukizunguka Kanda ya Kati utawakuta wazee waliokimbia kwenye jezi ya taifa, wana mashamba ya alizeti, wana hadithi, na ukikaa nao nusu saa wanakueleza namna ya kugawa pumzi kwenye mlima wa kilomita ya 30 kwa undani ambao hautaupata kwenye semina yoyote. Hawajaombwa kumfundisha mtu. Simbu mwenyewe atafikisha 36 Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakapofika. Umri huo si wa kutisha kwa marathoni, lakini ndio wakati wa kujua atakuwa nani 2029: kocha mwenye cheti na kundi la vijana kumi chini yake, au mgeni rasmi wa kugawa medali kwenye mbio za hisani.

Mambo haya hayahitaji sheria mpya. Majeshi yana utaratibu wake wa kuandikisha, wizara yenye dhamana ya michezo iko hapa hapa Mtumba, na bajeti yake inasomwa Bungeni kabla ya Juni kuisha, wabunge wa Singida na Dodoma wakiwa wamekaa humo ndani. Badala ya kuuliza tena uwanja utakamilika lini, mmoja wao anaweza kusimama akaomba tarakimu mbili: ni nafasi ngapi za ajira zimetengwa kwa wakimbiaji walio chini ya miaka 20 ambao bado hawajashinda kitu, na kila nafasi inadumu kwa misimu mingapi kabla mtu hajaulizwa medali.